Mahari ya Dinah

Msomaji, nilikuacha juma lililopita na kikombe cha chai mkononi, msumeno ukiwa umelia "krraaa!" katika kiwanda kidogo cha mbao pale Matisi, nje kidogo ya mji wa Kitale. Sasa kiweke hicho kikombe chini.

Jino la msumeno lilikuwa limempata mzee Jairus shingoni.

Mzee alikuwa bado amesimama. Mkono mmoja ulishika benchi ya kupasulia, wa pili umebana chini ya sikio, na damu ilipita kati ya vidole ikadondokea vumbi la mbao. Kisha akaanguka.

Aliyemkimbilia ni Jerono, mwenye kiwanda. Alikuwa langoni akizozana na mpishi wa shule aliyerudisha kuni akidai ni mbichi. Aliposikia mlio ule alimwacha mpishi mdomo wazi.

"Zima injini!" alimpigia kelele Kiptanui, shemeji yake, ndugu wa mumewe na dereva wa lori, aliyekuwa amesimama tu akitazama. "Wewe Kiptanui! Zima!"

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Jerono akavua kitambaa cha kichwa, akamfunga mzee shingo, lakini kitambaa kikalowa papo hapo.

"Mzee, usilale. Niangalie mimi."

"Mama Jelono," Jairus akasema. Alikuwa mtu wa Bungoma, na tangu siku alipoajiriwa na marehemu baba yake Jerono hakuwahi kulitamka jina hilo sawasawa. Jerono alikuwa amemcheka mpaka akachoka. "Misumari..."

"Nimeona, mzee. Nyamaza, tunaenda hospitali."

"Mahari," mzee akasema kwa taabu. Macho yalimtoka, mkono ukamvuta Jerono nguo. "Mahari ya Dinah. Mahari..."

Damu ikamjaa kinywani. Jairus, aliyemfundisha Jerono kushika msumeno, akafia mapajani pake.

Jerono hakulia. Alichukua shoka, akalipasua lile gogo kutafuta kilichoua mtu wake.

Ngoja nikueleze jambo, msomaji, kwa sababu maisha ya watu yako hapo. Kila anayepasua miti iliyotoka mashamba ya zamani ya wazungu kule Endebess huogopa chuma. Miti ya ua imemeza waya na misumari ya miaka mingi. Lakini chuma cha zamani hujisema chenyewe. Kutu yake huchora doa jeusi ndani ya mti, na doa hilo hutembea mpaka kwenye ncha ya gogo. Mpasuaji huangalia ncha, akiona weusi analitupa gogo kando liwe kuni.

Gogo hili lilikuwa jeupe ncha zote mbili. Misumari aliyoitoa Jerono ilikuwa minene, mirefu, inang'aa kama imetoka dukani jana. Ilizamishwa ndani kabisa, kisha gome likarudishwa juu na kupakwa tope. Msumari mpya hauna doa. Hakuna jicho la mpasuaji ambalo lingeuona.

"Hii imepigiliwa na mtu," Jerono akasema.

"Mzee amesema nini?" Kiptanui akauliza.

"Mahari ya Dinah."

Kiptanui akashusha pumzi, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi ni Mukhisa, shemeji. Nani mwingine?"

Nani mwingine, kweli? Dinah ni binti wa pekee wa Jairus, na Mukhisa ni mumewe, ndiye aliyekuwa akiuza mbao na kuni za kiwanda kule Bungoma. Matisi nzima ilijua ugomvi wao. Siku ya mahari Jairus alimrudisha ng'ombe mmoja mbele ya wageni kwa sababu alichechemea. Mukhisa aliondoka na ng'ombe wake huku kila mtu akicheka, akaapa kwamba mzee atajuta. Na juzi tu, gogo hili lilipokuwa likipakiwa Endebess, Mukhisa ndiye aliyesaidia kulisukuma ndani ya lori.

Hapo akaingia Kipketer, mume wa Jerono, akisukuma mkokoteni wenye pipa la dizeli. Alikuwa amekwenda mjini tangu asubuhi. Alipoona maiti alitupa mkokoteni, akapiga magoti, akalia kuwazidi wafanyakazi wote.

"Naenda Bungoma," Jerono akamwambia.

"Na polisi, mama?"

"Polisi watakuta nimemaliza." Akajipangusa damu kwenye leso. "Wewe peleka mzee hospitali, halafu urudi ukate jeneza. Hatazikwa na mbao ya kununua. Chukua ile gogo ya saiprasi iko kwa kona, pale Dinah alikuwa anauzia kuni. Hiyo ni mti ya baba yangu mwenyewe, imetoka hapa nyumbani. Haijakaribia ua ya mtu."

Kipketer akainamisha kichwa. "Sawa, mama."

"Nitakupeleka mimi, shemeji," Kiptanui akasema, akaingiza panga chini ya kiti cha lori.

Njia nzima Kiptanui ndiye aliyeongea. Walipopita Kiminini alisema mtu kama Mukhisa hafai kupelekwa kortini. Walipofika Webuye alisema tena. Lori lilipoingia Bungoma, hasira ya Jerono ilikuwa imeiva kabisa.

Mukhisa alikuwa uani kwake nyuma ya soko, kifua wazi, akipasua kuni. Redio yake ilikuwa juu ya rundo ikisoma taarifa ya habari ya saa saba. Alipoona lori alitabasamu.

"Mama, karibu! Mbona mumekuja na rori bila mzigo?"

Jerono akamjibu kwa mpini wa shoka aliloshuka nalo. Ulimpata ubavuni, na Mukhisa akaanguka juu ya rundo la kuni, redio ikaanguka naye.

"Umemuua Jairus!"

"Nani? Mzee? Mzee amekufa?"

"Misumari ulipigilia ndani ya gogo! Kwa sababu ya ng'ombe! Ng'ombe moja, Mukhisa!"

"Misumari gani? Mama, ngoja, mimi hata sijui..."

Pigo la pili lilitafuta kichwa, likapata mkono alioinua kujikinga. Mfupa ulilia na kila mtu aliusikia. Mukhisa akapiga yowe, lakini si mtu wa kulala apigwe. Alimkata Jerono ngwala, akamwangukia, akamkaba koo kwa mkono uliobaki mzima. Jerono aliona uso wake ukiwa karibu kabisa, umejaa jasho na machozi.

"Sikumuua! Mama, nasema sikumuua!"

Kwa nyuma, Kiptanui alikuwa ametoa panga.

"Wacha nimalize, shemeji. Huyu hafai kuongea."

Panga lilishuka. Mukhisa akajiviringisha, akainua kipande cha gogo kama ngao, na chuma kikazama ndani ya mti nusu nzima. Kiptanui akavuta, halikutoka. Akaweka mguu juu ya kifua cha Mukhisa ili avute vizuri.

"Mama Jerono!"

Dinah alikuwa amesimama mlangoni na karai la mahindi. Jerono alipomwona moyo ulimwuma. Huyu ndiye msichana ambaye Jerono alimsuka nywele kila Jumapili pale kiwandani, akamfundisha kuhesabu mizigo ya kuni, akamvalisha siku ya harusi.

"Unaua bwanangu kwa nini? Mama, kwa nini?"

"Baba yako amekufa, Dinah." Jerono aliketi chini, koo likimwuma. "Bwanako aliweka misumari kwa gogo. Mzee amenifia hapa kwa miguu."

Karai lilianguka, mahindi yakatapakaa. Dinah hakupiga nduru. Alikuja taratibu akakaa mavumbini, mbele ya Jerono, akamshika mikono yenye damu ya baba yake.

"Nani amesema ni Mukhisa?"

"Mzee mwenyewe. Neno lake la mwisho. Mahari ya Dinah."

Mukhisa akatikisa kichwa pale chini, akilia waziwazi. "Nilimrudishia ng'ombe ingine, Mama. Nzuri. Tulisameheana hata Krismasi hatujafika. Muulize Dinah."

"Ni kweli," Dinah akasema. Kisha akawa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. "Mama, sema tena. Sema vile yeye alisema, na mdomo yake."

"Hivyo hivyo. Aliniita Mama Jelono, halafu akasema misumari, halafu akasema..."

Jerono akakwama. Jina lake mwenyewe ndilo lililomsimamisha.

"Jelono," Dinah akasema polepole. "Mama, baba alikuwa anasema rori. Anasema kurara. Mimi nimezaliwa kwa hiyo nyumba na sijawahi sikia baba akisema mahali ikatoka mahali."

Mahali. Mahali ya Dinah.

Najua, walimu wa Kiswahili mnaosoma ukurasa huu mmeshashika kalamu nyekundu. Mtaniambia kwamba ni mahali *pa* Dinah, na kwamba mzee angesema "pa" hakuna ambaye angekosea. Ni kweli kabisa. Lakini Matisi hakuna aliyewahi kusema hivyo, na kwa kosa hilo dogo mtu alivunjwa mkono na nusura apasuliwe kichwa. Kwa hiyo wekeni kalamu chini, tuendelee.

Mahali ya Dinah ni ile kona ya kiwanda. Wafanyakazi wote waliiita hivyo tangu Dinah alipokuwa akiuza mafungu ya kuni pale. Na pale kona kulikuwa na gogo moja la saiprasi.

Mzee hakuwa akimtaja muuaji. Alikuwa akimwonya Jerono kwamba hata gogo la kona lina misumari.

"Kipketer," Jerono akasema. "Nimemwambia Kipketer akate jeneza. Nimemwambia achukue ile."

Ndipo alipokumbuka nyundo. Juzi jioni, lori liliporudi kutoka Endebess, alisikia nyundo pale kona, akauliza kwa sauti ni nani. Na akajibiwa kwa sauti: "Ni mimi, shemeji. Natengeneza ubao ya lori." Jairus alikuwa karibu akinoa meno ya msumeno. Bila shaka aliona mkono uliokuwa ukipiga nyundo, asielewe anachokiona mpaka jino lilipomwingia shingoni.

Jerono akageuka. Kiptanui alikuwa amefaulu kuling'oa panga.

"Jairus alikukosea nini?"

"Nani alikuambia ni Jairus?" Kiptanui akasema. Huzuni yote ilikuwa imemtoka usoni. "Asubuhi ya leo ilikuwa zamu ya nani kwa msumeno, shemeji?"

Ilikuwa zamu yake. Kama mpishi wa shule hangekuja kulalamika kuhusu kuni mbichi, Jerono ndiye angekuwa mbele ya lile jino.

"Baba yako alikuwa na akili gani?" Kiptanui akaendelea, akisogea. "Ati kiwanda apewe msichana. Sisi wanaume wa boma tukuombe kazi, tukuombe dizeli, tukuite bosi. Watu wananicheka mpaka Endebess, bana."

Akashusha panga. Jerono aliruka nyuma, lakini ncha ilimchana bega mpaka mfupani. Panga likainuliwa tena. Dinah akachota mahindi na mavumbi kwa mikono yote miwili, akamtupia machoni. Kiptanui akapepesuka, akakata hewa, akatukana. Na Mukhisa, mkono mmoja ukining'inia, akaokota shoka lake la kupasulia kuni, akaligeuza, akampiga goti kwa kisogo cha shoka kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Goti lilivunjika. Kiptanui alianguka akibweka, na Jerono akampiga kwa mpini mpaka akaachia panga. Angeendelea. Alitaka kuendelea, nisikudanganye. Dinah ndiye aliyemshika kiuno.

"Mama, wacha! Kipketer! Kumbuka Kipketer!"

Walimfunga Kiptanui kwa kamba za kufungia kuni. Alikuwa amejaa damu na mate, lakini ajabu ni kwamba alianza kucheka.

"Kimbia basi, shemeji," akasema. "Kimbia uokoe bwanako."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Posta imefungwa, na simu ya posta imefungiwa ndani. Kiwandani kwenyewe hakukuwa na simu. Jerono alimpekua Kiptanui, akachukua ufunguo wa lori.

"Unajua kuendesha, Mama?" Mukhisa akauliza.

"Nimeendesha ndani ya kiwanda."

"Hiyo si kuendesha!"

"Leo itakuwa."

Aliwaacha na mfungwa wao wakingojea polisi, akaondoka na kibao cha lango la Mukhisa kikining'inia kwenye bampa. Gia zilimlilia njia nzima. Damu ya bega ilishuka mpaka kwenye usukani, ukawa unateleza, akaupangusa kwa leso. Pale Kamukuywa alimrusha mwenye mkokoteni mtaroni pamoja na kabichi zake na hakusimama kuomba msamaha. Alikuwa akizungumza peke yake. Alimwomba Mungu injini isiwake. Aliomba dizeli ya mjini iwe na maji. Aliomba Kipketer awe mvivu, walau leo tu, kwa vile siku nyingine zote alikuwa amemgombeza kwa uvivu.

Alimpenda yule mwanamume. Aliolewa naye wazee wa pande zote mbili wakinung'unika, na hakujuta.

Jua lilikuwa limeinama alipoingia Matisi. Alizima lori langoni, akatega sikio.

Msumeno ulikuwa kimya.

Ukimya huo ulimtisha kuliko mlio. Wafanyakazi wote walikuwa wamekwenda matangani nyumbani kwa Jairus. Alikimbia, akateleza, akainuka. Panga la Kiptanui, alilokuja nalo, alilisahau ndani ya lori.

Kipketer alikuwa pale kando ya benchi, mzima, akifagia vumbi la mbao. Nyuma yake mbao za jeneza zilikuwa zimepangwa vizuri, nyeupe, zikinukia.

"Mama! Nini hiyo? Damu ya nani?"

Jerono alimwangukia kifuani, akamkumbatia kwa mkono mzima, na machozi yaliyokataa tangu asubuhi yakamtoka yote kwa pamoja. Alilia kwa sauti. Alimpapasa mgongo, shingo, masikio, kuhakikisha kila kitu kipo. Kipketer akamtuliza kama mtoto, akimpigapiga mgongoni.

"Pole. Pole, mama. Kwisha sasa."

Katikati ya kulia, Jerono akaona kona juu ya bega la mumewe. Gogo la saiprasi lilikuwa pale pale kwenye mahali ya Dinah. Halijasogezwa. Gome lake lilikuwa zima, na kuku walikuwa wamelala juu yake.

"Hukukata ile ya kona," akasema, akicheka na kulia. "Nilikuambia ukate ile."

"Ile?" Kipketer akacheka pia kidogo, akimpangusa machozi kwa kidole gumba. "Ile si iko na misumari, mama."

Kucheka kwa Jerono kulichukua muda kuisha.

Hakuwa amesema neno lolote kuhusu misumari ya gogo lile. Habari hiyo ilikuwa imezaliwa Bungoma, mchana, ikaja na yeye peke yake ndani ya lori. Na msumari mpya hauna doa.

Akakumbuka mtu mmoja akilia kuwazidi wote asubuhi. Akakumbuka Kiptanui akicheka mavumbini: kimbia uokoe bwanako. Akaligeuza jicho bila kusogeza kichwa, akaona pipa la zamani la dizeli kando ya injini, ambalo mtu alilisahau wazi. Lilikuwa bado limejaa. Hakukuwa na haja ya mtu kwenda mjini leo.

"Nani alikuambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

Sikio lake lilikuwa bado kifuani pa mumewe, na alisikia moyo wa Kipketer ukibadilisha mwendo.

Mkono uliokuwa ukimpigapiga mgongoni ukaacha kupiga, lakini haukumwachia. Ule wa pili ulinyooka polepole mpaka kwenye benchi, ukatafuta nyundo.

"Mama," Kipketer akasema kwa upole uleule, "Kiptanui umemwacha wapi?"